Jinsi ya Kujifunza Ubunifu na Tathmini ya Uzoefu wa Mtumiaji Chuoni: Mfano wa Kununua Umeme kwa Simu

Wanafunzi wengi wa shahada za kompyuta na mifumo ya habari hukutana na ubunifu wa uzoefu wa mtumiaji ndani ya kozi inayoitwa mwingiliano wa binadamu na kompyuta, na wengi huiingia wakidhani kwamba watafundishwa kuchora skrini zinazopendeza. Kuchora kumo, lakini ni sehemu ndogo. Kinachoibeba kozi hii ni tathmini, yaani uwezo wa kumweka mtu halisi mbele ya ulichokibuni, kuona anapokwama, kueleza kwa ushahidi kwa nini amekwama, kisha kurudi kurekebisha. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi mwenye muhula mmoja, kikundi cha watu wanne au watano, na bajeti isiyozidi nauli na vocha za washiriki. Ili maelezo yasielee hewani, tutafuata mradi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: menyu ya simu ya kununulia umeme wa LUKU, mfumo wa umeme wa malipo ya awali nchini Tanzania.

Chagua huduma ndogo ambayo mwisho wake unaonekana

Mada za aina ya "kuboresha huduma za afya kwa teknolojia" huua miradi ya wanafunzi mapema, kwa sababu hakuna kikundi kinachoweza kuzipima ndani ya muhula. Chagua jambo ambalo mtu hulianza na kulimaliza kwa dakika chache, na ambalo mtazamaji yeyote anaweza kusema limefanikiwa au halikufanikiwa. Ununuzi wa umeme una sifa hiyo: mwishoni, ama uniti zimeingia kwenye mita ama hazikuingia.

Mfano huu una utajiri mwingine. LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, humpa mnunuzi tokeni ya tarakimu 20, sawa na tokeni za mita za malipo ya awali nchini Kenya, kwa kuwa mifumo yote miwili inafuata kiwango kimoja cha kimataifa cha mita hizo. Tokeni huja kwa ujumbe mfupi, kisha mtu huiingiza kwa vidole kwenye mita. Anayenunua kwa menyu ya nyota na reli, yaani ile inayofunguliwa kwa kupiga namba yenye alama za * na #, hahitaji bando wala simu janja, na ukurasa mmoja wa menyu hiyo hauwezi kuzidi herufi 182. Mbuni analazimika kufikiri sana kuhusu maneno, mpangilio na kumbukumbu ya mtu, pasipo rangi wala picha za kumfichia udhaifu wa kazi yake.

Zaidi ya hayo, mfano huu unafundisha mapema kwamba uzoefu wa mtumiaji hauishii kwenye skrini. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-210, kilichotolewa mwaka 2010 na kurekebishwa mwaka 2019, kinautaja uzoefu huo kuwa ni mitazamo na mwitikio wa mtu unaotokana na kuitumia huduma au kutarajia kuitumia. Kwa hiyo wasiwasi wa mama anayeona uniti zinakaribia kuisha jioni ni sehemu ya kazi yako, kama ilivyo sehemu ya kazi yako ile hali ya kusimama kibarazani gizani, simu mkono mmoja na kidole cha mkono wa pili kwenye mita, huku mwanga wa simu ukizimika kabla hajafika tarakimu ya kumi na mbili.

Nenda uwandani kabla ya kufungua programu ya kuchorea

Kishawishi cha wiki ya pili ni kufungua Figma. Kikatae. Kwanza pata barua ya utambulisho ya chuo, uliza idara yako kama mradi wa darasa unahitaji kibali cha maadili ya utafiti, na kama utaingia majumbani mwa watu, pitia ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Sauti iliyorekodiwa, namba ya simu na namba ya mita vinaweza kumtambulisha mtu, kwa hiyo kabla ya mahojiano ya kwanza amua utahifadhi nini, wapi, na utakifuta lini.

Uwandani usiulize "ungependa programu ya namna gani?" Swali hilo huzaa majibu ya adabu yasiyojengeka. Mwombe mtu akusimulie mara ya mwisho aliponunua umeme: ilikuwa saa ngapi, nani alikuwepo, namba ya mita aliitoa wapi, fedha zilitoka kwa nani, na nini kilikwenda mrama. Kisha omba akuonyeshe. Hapo utaona namba ya mita iliyoandikwa kwa mkaa ukutani au iliyohifadhiwa kwenye simu kama jina la mtu. Utakuta nyumba ya wapangaji ambao huchangia mita moja na mmoja wao hukusanya fedha na kununua kwa niaba ya wote. Utamkuta mzee ambaye kila mara humtuma mjukuu kwa mangi, yaani mwenye duka, kwa hiyo hajawahi kuigusa menyu hiyo hata kidogo ingawa yeye ndiye mlipaji.

Huyo mzee ni muhimu kuliko anavyoonekana. Nadharia nyingi za darasani humchukulia mtumiaji kuwa mtu mmoja na simu yake, ilhali kwetu huduma nyingi hupita mikononi mwa watu wawili au watatu. Ukishaona hivyo, maswali ya ubunifu hubadilika: aliyelipa atajuaje kwamba tokeni imeingia? Mjukuu akikosea tarakimu moja ya mita, nani atagundua, na kabla au baada ya fedha kukatwa?

Mahojiano sita hadi manane yaliyofanywa vizuri yanatosha kwa mradi wa darasa. Andika kila jambo ulilolisikia au kuliona kwenye kipande chake cha karatasi, yapange mezani kwa makundi yanayojitokeza yenyewe, na uyape makundi majina baadaye. Ukiyapa majina kwanza, utapata ulichokuwa unakiamini tangu mwanzo.

Chora kwa karatasi, na ukae hapo muda mrefu

Kwa menyu ya nyota na reli, karatasi ni kifaa kizuri kuliko programu yoyote. Kata vipande vyenye ukubwa wa skrini ya kitochi, andika ukurasa mmoja kwa kila kipande, na uhesabu herufi usizidi 182, nafasi zikiwemo. Mwanakikundi mmoja anakuwa "mtandao": mshiriki akitaja namba anayoichagua, yeye anaondoa kipande kilichopo na kuweka kinachofuata. Ukitaka kujua kinachotokea menyu inapokatika kwa sababu mtu amekawia kutafuta namba ya mita, mpe mwanakikundi huyo saa na umwagize aondoe vipande vyote muda mliokubaliana ukiisha. Ni jaribio ambalo halina gharama, na mara nyingi litaibua zaidi ya yale uliyoyatarajia.

Tengeneza angalau michoro miwili inayotofautiana kwa wazo, si kwa maneno. Mmoja unaweza kuanza kwa kuuliza namba ya mita. Mwingine unaweza kuanza kwa orodha ya mita alizowahi kuzinunulia mtu huyo, "nyumbani", "dukani", "kwa mama". Kikundi chenye mchoro mmoja huutetea, na kikundi chenye miwili hulazimika kulinganisha.

Kagueni wenyewe kwanza

Kabla ya kumsumbua mtu yeyote, pitieni mchoro kwa kanuni za ubunifu unaomrahisishia mtu matumizi. Njia hii ilibuniwa na Jakob Nielsen na Rolf Molich mwaka 1990, na orodha ya kanuni kumi inayofundishwa hadi leo ni ile ambayo Nielsen aliiboresha mwaka 1994. Wakaguzi watatu hadi watano huukagua mchoro kila mmoja peke yake, bila kusemezana, ndipo orodha zinaunganishwa. Wanafunzi huvunja sharti hili mara kwa mara kwa kukaa pamoja na kukubaliana na mwenye sauti kubwa, na faida yote ya njia hii hupotea hapo.

Katika menyu ya umeme, kanuni tatu hufanya kazi kubwa. Ya kwanza ni mfumo kumwambia mtu hali ilivyo: baada ya fedha kukatwa na kabla ya tokeni kufika, mnunuzi anajua nini? Ya pili ni kuzuia kosa kabla halijatokea: je, kuna ukurasa unaomwonyesha mnunuzi mita anayoilipia kwa namna ambayo ataitambua, kabla hajaweka namba ya siri? Ya tatu ni kumfanya mtu atambue badala ya kukumbuka, na hapa ndipo orodha ya mita zilizohifadhiwa inapopata hoja yake.

Kila tatizo lipeni uzito kuanzia 0, ambalo si tatizo, hadi 4, ambalo lazima lirekebishwe kabla huduma haijatoka. Ukaguzi huu lakini hauthibitishi chochote kuhusu watu. Unaondoa makosa ya wazi ili muda wa washiriki usipotee kwa mambo ambayo mngeyaona wenyewe.

Kikao cha majaribio

Hapa ndipo kozi inapofundishika kweli, na ndipo vikundi vingi hufika vikiwa vimebakiza siku nne. Panga vikao vya kwanza katikati ya muhula.

Andika kazi za kufanya kama visa, kwa maneno ambayo hayamo ndani ya menyu. Ukimwambia mshiriki "chagua Nunua Umeme", umempa jibu. Mwambie hivi: "Ni saa mbili usiku. Dada yako aliyeko Mbagala amekupigia kwamba amebaki gizani. Namba ya mita yake ni hii kwenye karatasi. Msaidie kwa shilingi 5,000." Namba ya mita iwe ya kubuni, fedha ziwe za mchezo, na namba ya siri iwe ile mliyomwandikia ninyi. Usikubali kamwe mshiriki aweke namba yake halisi ya siri mbele yenu, hata akijitolea mwenyewe, na usirekodi video kwenye simu yake ambako jumbe za miamala zinaonekana.

Mwanzo wa kikao huamua ubora wa mwisho wake. Kijana wa chuo anapomkalisha mama wa makamo na kumpa kazi, kinachojengeka ni mtihani, na mtu aliye kwenye mtihani huficha anachokosa. Salimia kama inavyostahili, ukae upande mmoja naye badala ya kumkabili, kisha useme kitu cha namna hii: "Shikamoo mama, asante kwa muda wako. Leo tunaijaribu menyu hii, wewe hatukujaribu. Si sisi tulioitengeneza, kwa hiyo ukiiona mbaya hutatuudhi. Ukikwama, hapo ndipo tunapojifunza. Ukitaka kuacha wakati wowote, unaacha, na vocha yako unaipata vilevile." Sentensi ya kwamba si ninyi mlioitengeneza isemwe tu kama ni kweli, gawaneni majukumu ili anayeendesha kikao asiwe aliyechora.

Tahadhari hiyo ina ushahidi. Mwaka 2012 Nicola Dell na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha watu 450 mjini Bangalore, India, na wakaona kwamba washiriki waliipendelea teknolojia waliyoamini kuwa ya mhoji kwa takriban mara 2.5 zaidi ya nyingine, na kwamba mhoji alipokuwa mgeni kutoka nje akiwa na mkalimani, upendeleo huo ulipanda hadi mara tano. Kwa watu waliolelewa kutomvunja mgeni moyo, "ni nzuri tu, mwanangu" haina uzito wa kitafiti. Ndiyo maana swali la "umeionaje?" linapaswa kuwa la mwisho, na jibu lake lipewe nafasi ndogo kuliko kile ulichokiona mikononi mwa mtu.

Vitabu vitakuelekeza umwombe mshiriki afikiri kwa sauti, yaani aseme kila kinachompitia akilini anapofanya kazi. Njia hii ni nzuri, na tangu Clayton Lewis alipoiingiza katika tathmini ya violesura, yaani skrini na menyu ambazo mtu huzitumia, pale kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1982 imebaki kuwa nguzo ya fani. Hata hivyo, kwa watu wengi kuongea peke yako mbele ya wageni ni kitu cha ajabu. Usimlazimishe anayenyamaza. Mlete na ndugu au jirani yake, wape kazi moja waifanye pamoja, na mazungumzo yatakuja yenyewe: "Si hapo, rudi nyuma… ah, kumbe ni hapo." Njia nyingine ni kumwomba aliyemaliza kazi amfundishe mwenzake ambaye hajaiona menyu hiyo, anachokiruka na anachokisisitiza ni data.

Mshiriki akikugeukia na kuuliza "sasa nibonyeze wapi?", usijibu na usinyamaze kwa ukali. Muulize, "Kama ungekuwa peke yako nyumbani, ungebonyeza wapi?" Kisha subiri. Kusubiri huko ndiyo stadi ngumu kuliko zote katika kozi nzima, nami ningependa wahadhiri waitolee alama. Wakati huohuo mwandishi wa kumbukumbu aandike alichokifanya mtu na alichokisema, neno kwa neno, huku tafsiri yake akiiweka safu nyingine. "Alirudi ukurasa wa kwanza mara mbili" ni kumbukumbu. "Alichanganyikiwa" ni tafsiri.

Washiriki wangapi?

Swali hili huulizwa kila mwaka, na jibu la "watano" hukaririwa bila masharti yake. Hesabu yake inatokana na kazi ya Nielsen na Thomas Landauer ya mwaka 1993: kama kila mshiriki ana uwezekano wa asilimia 31 wa kukutana na tatizo fulani, basi watu watano wataibua takriban asilimia 84 ya matatizo ya aina hiyo. Lakini tatizo linalompata mtu mmoja kati ya kumi litaonekana kwa watu watano kwa uwezekano wa asilimia 41 tu. Aidha, mjukuu anayenunua, mpangaji anayekusanya michango na wakala wa dukani ni makundi matatu, na watano waliochanganywa kiholela hawawakilishi hata kundi moja. Kwa muhula mmoja ni busara kuchukua watano wa kundi moja, kurekebisha mchoro, kisha kuchukua watano wengine wa kundi hilohilo. Mzunguko wa pili una thamani kuliko kuongeza watu kwenye wa kwanza, kwa sababu ndio unaoonyesha kama marekebisho yenu yamesaidia au yamezaa matatizo mapya.

Majaribio hayo ni tathmini endelezi: lengo lake ni kuboresha. Tathmini tamati, inayopima hali ya mwisho, ina masharti mengine. ISO 9241-11 ya mwaka 2018 inaelekeza kupima mambo matatu, nayo ni kama watu wamelifikia lengo kwa usahihi na ukamilifu, wametumia muda na juhudi kiasi gani, na wameridhika kiasi gani, tena kwa watu mahususi katika mazingira mahususi. Kwa mradi wetu: wangapi waliingiza tokeni sahihi kwenye mita ya kuigiza iliyochorwa kwa karatasi, kwa dakika ngapi, na kwa makosa mangapi. Usipime muda katika kikao ambacho mtu anafikiri kwa sauti, kwani maongezi hubadilisha muda wenyewe.

Kwa kuridhika, dodoso linalotumika zaidi ni SUS (System Usability Scale) la John Brooke, lililotungwa mwaka 1986 na kuchapishwa mwaka 1996. Lina kauli kumi, na mshiriki huipa kila kauli alama 1 hadi 5. Kauli za namba witiri (1, 3, 5, 7, 9) ni za kusifu, na za namba shufwa (2, 4, 6, 8, 10) ni za kulaumu. Kwa za witiri unatoa 1 kwenye jibu. Kwa za shufwa unalitoa jibu kwenye 5. Unajumlisha na kuzidisha kwa 2.5. Mshiriki aliyejibu 4, 4, 3, 5, 4 kwa za witiri anapata 15. Akijibu 2, 1, 2, 3, 2 kwa za shufwa anapata 15 tena. Jumla 30, na alama yake ni 75. Hiyo 75 si asilimia. Wastani uliopatikana katika mkusanyiko wa tafiti takriban 500 uliochambuliwa na Jeff Sauro ni 68, kwa hiyo 75 iko juu ya wastani. Wasomee kauli hizo kwa sauti wale wasiopenda kusoma, na mpe mtu asiyeijua asili yake tafsiri yenu airudishe kwenye Kiingereza ili muone kama maana imebaki, hasa kwenye kauli za kulaumu, ambazo ukanushi ukiongezewa ukanushi humtega mshiriki.

Ripoti

Shahada nyingi hufundishwa kwa Kiingereza, na uwanda wako ulikuwa wa Kiswahili. Hifadhi maneno ya washiriki kama yalivyosemwa, uyaweke kwenye kiambatisho, na tafsiri yake iwe ndani ya ripoti. Msomaji anayejua lugha zote mbili ataweza kukusahihisha, na mhadhiri mzuri hilo hulipenda.

Kila tatizo liwe na vitu vitano: lilitokea wapi, nani lilimpata, ushahidi wake, uzito wake, na pendekezo. Sentensi kama "watumiaji hawakuelewa ukurasa wa tatu" haina kazi. Linganisha na hii ya kubuni: "Washiriki wanne kati ya watano waliweka kiasi cha fedha mahali palipotaka namba ya mita, kwa sababu ukurasa unataja neno 'weka' bila kusema ni nini, uzito 3, tunapendekeza ukurasa uanze na 'Namba ya mita'." Andika "wanne kati ya watano", usiandike "asilimia 80", kwa kuwa asilimia inamfanya msomaji aone umati ambao hukuwa nao.

Taja pia lililofanya kazi vizuri, la sivyo kikundi kitakachoendeleza mradi wako kitalivunja kwa kutojua. Na weka mchoro wa kwanza kando ya wa mwisho, pamoja na tukio la uwandani lililosababisha kila badiliko. Kurasa hizo mbili au tatu ndizo za kubeba utakapokwenda kwenye usaili wa kazi. Ondoa majina, namba za simu, namba za mita na nyuso za washiriki, kwa sababu ridhaa waliyoitoa ilikuwa ya darasa.